Mtu amekuja na wapimaji: jibu kwa mkazi wa Eastlands kuhusu kiwanja cha mtaa

*"Naishi Eastlands, Nairobi, kwenye mtaa uliojengwa miaka ya 1970. Katikati ya nyumba zetu kama sitini hivi kuna kiwanja. Nikiwa mdogo tulicheza kati na blada pale, na akina mama walianika nguo. Leo nusu yake ni takataka, pembeni kuna fundi wa magari, upande wa barabara kuna mama mboga watatu, na usiku hakupitiki. Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja na wapimaji, wakapima, wakapiga picha, akasema kiwanja ni chake na hati anayo. Tumeshachanga shilingi elfu sitini. Wazee wanataka tujenge ukuta na geti. Vijana wanataka tumwombe MCA, mwakilishi wetu wa wadi, atujengee bustani kama zile za Dandora. Jirani mmoja anasema tukipanda miti na kukaa nayo miaka kumi na miwili, ardhi inakuwa yetu kisheria. Tuanzie wapi?"*

Dada yangu (nakuita dada kwa sababu ya ile blada, mchezo wa wasichana; ukiwa kaka, niwie radhi), umeuliza swali moja lakini ndani yake yamo matatu: kiwanja ni cha nani, kwa nini kimekufa, na hizo elfu sitini ziende wapi. Karibu kila mtaa unaonifikia na jambo hili huanza na la tatu. Nakusihi muanze na la kwanza, kwa kuwa yule bwana mwenye wapimaji hatawangojea mpande nyasi.

Nianze na jirani yako wa miaka kumi na miwili, maana ushauri wake unaweza kuwaumiza. Kanuni hiyo ipo kweli. Mtu akikalia ardhi ya mwingine waziwazi kwa miaka 12 bila kufukuzwa, sheria ya Kenya inamruhusu aende mahakamani kudai aandikishwe kuwa mwenye ardhi. Lakini inahusu ardhi ya mtu binafsi. Sheria hiyohiyo inaiweka kando ardhi ya serikali, na kiwanja cha umma hakigeuki kuwa chenu kwa kukipandia miti, hata miaka hamsini. Tena kuna mtego. Siku mtakaposimama mbele ya hakimu na kudai miaka 12, mtakuwa mmekiri kwamba kiwanja kilikuwa na mwenyewe binafsi, na hiyo ndiyo kauli anayoitafuta yule bwana. Msimamo wenu uwe mmoja na usibadilike: hiki ni kiwanja cha umma, sisi ni wakazi tunaokitumia.

Sasa hati yake. Wengi wetu tulilelewa kuamini kwamba karatasi ya Ardhi House, makao ya Wizara ya Ardhi, ikishatoka, mjadala umekwisha. Haukwishi. Mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kilichogombaniwa ni ardhi ya Nyali iliyotengwa tangu zamani kuwa eneo la wazi, ikagawiwa mwaka 1989 kwa rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kisha ikauzwa na kupita mikononi mwa wengine hadi ikaifikia kampuni hiyo. Kaunti ilibomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda pwani. Kampuni ikajitetea kwamba ilinunua kwa nia njema, haikujua lolote. Mahakama ikasema ugawaji wa kwanza ulikuwa na kasoro, kwa hiyo hakuna hati halali iliyoweza kuzaliwa humo, na nia njema ya mnunuzi haiwezi kuitibu. Katiba nayo, ibara ya 40(6), inasema ulinzi wa mali haufikii mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Sikuambii haya ili mlale usingizi. Kesi za namna hiyo huchukua miaka, na wakati mawakili wanabishana, jengo linaweza kufika ghorofa ya nne.

Inafaa ujue kiwanja kinavyofikia hali ya kunyakulika. Mtaa kama wenu ulipopangwa, mwendelezaji aligawa ardhi kubwa kuwa ploti ndogo, na sharti la kuruhusiwa lilikuwa aiachie halmashauri ya jiji sehemu fulani bure kwa ajili ya barabara, shule na mahali pa kuchezea. Kila nyumba ikapata hati yake. Kiwanja kikabaki umbo tupu kwenye ramani, mara nyingi bila hati yoyote kwa jina la halmashauri. Afisa mwenye muhuri na mwanasiasa mwenye njaa wakikutana juu ya umbo hilo tupu, barua ya kumgawia mtu ardhi huandikwa kwa dakika kumi. Ripoti ya mwaka 2004 ya tume ya Paul Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilijaa visa vya aina hiyo: viwanja vya michezo, ardhi za shule, hata makaburi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya karatasi, na ni ya kimyakimya. Fanyeni upekuzi rasmi wa hiyo ardhi. Kwa Nairobi sehemu kubwa ya shughuli hizi imehamia kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, tangu 2021. Upekuzi unahitaji namba ya kipande, kwa hiyo tafuteni kwanza ramani ya upimaji ya mtaa wenu. Kisha iandikieni idara ya mipango miji ya kaunti mkiomba nakala ya mpango wa mtaa ulioidhinishwa, na muitaje Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayoitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Nakala iende Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Hakikisheni kila barua inapigwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yenye muhuri ikae kwa watu watatu tofauti, sio kwa mwenyekiti peke yake. Wenyeviti huhama. Wengine hununuliwa.

Naona unavyokunja uso: barua? Profesa Wangari Maathai, aliposikia mwaka 1989 kwamba jengo la ghorofa 60 litasimama ndani ya Uhuru Park, alianza na barua. Alimwandikia kila aliyehusika na wengi wasiohusika. Alitukanwa bungeni, lakini barua zilifika kwa waliokuwa watoe fedha, wakajiondoa, na jengo halikujengwa. Bustani ya Jeevanjee, ambayo Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji huu mwaka 1906, nayo ilinusurika mwaka 1991 kwa sababu familia yake iliweza kusimama na kueleza ilitolewa kwa ajili ya nani. Palipokuwa na kumbukumbu, mnyakuzi alipata taabu.

Basi tuseme karatasi zimeanza kutembea. Kwa nini kiwanja kilikufa?

Watu watakwambia ni tabia: vijana wa siku hizi, wapangaji wasiojali. Mimi naomba ufanye jambo moja. Simama katikati ya kiwanja, zunguka polepole, uhesabu milango na madirisha yanayokutazama. Nyumba za miaka ya 1970 zilijengwa zikitazama viwanja vyao. Mama akipika alimwona mtoto. Baadaye maisha yakabana, kila mwenye nyumba akaongeza vyumba vya kupangisha hadi mwisho wa ploti, na ule ukuta wa nyuma wa vyumba vipya ndio unaokitazama kiwanja leo. Simlaumu mtu, kodi ya vile vyumba ndiyo iliyosomesha watoto. Lakini kiwanja kilipoteza macho. Miaka hiyohiyo halmashauri ikaacha kuzoa taka na kuondoa watunzaji wake. Mahali pasipo na jicho wala mfagio hupata taka ya kwanza, na taka ya kwanza huwa ruhusa ya zile nyingine.

Hesabu tena, safari hii watu. Saa nne asubuhi ya siku ya kazi, ni nani yuko pale kiwanjani? Fundi na mama mboga watatu. Hao ndio macho yaliyobaki. Pengine mnawaona kama sehemu ya uchafu, na mkutano wenu wa kwanza utataka waondoke. Niliwahi kushiriki mradi mmoja, siutaji jina, ambao tulianza hivyohivyo. Tulivunja vibanda, tukatandaza nyasi, tukaweka mabenchi ya chuma yaliyopendeza sana kwenye picha za ufunguzi. Haukuisha mwaka: mabenchi yalikuwa yameuzwa kwa kilo na nyasi zikawa maegesho ya matatu. Hakukuwa na mtu wa kuona. Tuliporudi, jambo la kwanza tulilofanya ni kuwaomba wauza mboga wawili warudi, tukawajengea sakafu na kivuli upande wa njia, na sharti likawa moja, kufagia eneo la hatua kumi kila upande. Hapo ndipo pakaanza kutulia. Nikiwaona wapangaji miji wenzangu wakichora kiwanja bila kibanda hata kimoja, najua hawajawahi kukaa pale baada ya magharibi.

Fundi ni suala gumu zaidi, nakubali. Oili inaua udongo, na gari bovu lililoegeshwa miezi sita ni nyumba ya panya. Zungumzeni naye. Akubali sehemu yenye mpaka na sakafu ya zege, dumu la oili chafu, na hakuna gari kulala zaidi ya siku mlizokubaliana. Akikataa yote hayo ndipo muiite kaunti.

Kuhusu Dandora, vijana wenu wana macho mazuri, ila wanatazama matokeo bila kutazama mwanzo. Dandora ilipangwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: ploti 6,000, nyumba zikizunguka nyua za pamoja. Nyua hizo zikaoza kama kiwanja chenu. Mabadiliko yalianza miaka ya 2013 na 2014, wakati kikundi cha Mustard Seed kiliposafisha ua wake, kikapaka rangi, kikapanda nyasi, na kaya zikawa zinatoa mchango mdogo wa kila mwezi ili vijana walinde na kufagia. Baadaye yakaja mashindano ya nyua, kikundi dhidi ya kikundi, na mitaa mingine ikaiga. Rangi na matairi ndivyo vinavyoonekana kwenye picha. Kilichoshikilia ni ule mchango wa kila mwezi na kijana anayelipwa kwa mchango huo. Yule aliyekuwa akiogopwa usiku ndiye akawa mlinzi. Kama hamko tayari kwa mchango usio na mwisho, hata wa bei ya soda, msianze na rangi.

Hapo ndipo ombi kwa mwakilishi wa wadi linaponitia wasiwasi. Anaweza kuwajengea bustani, na huenda akaifungua kwa ngoma. Bajeti ya kujenga hupatikana. Bajeti ya kumwagilia maji mwezi wa Februari haipo. Mwombeni vitu ambavyo nyinyi hamwezi kununua na ambavyo havihitaji bango: gari la taka lipite siku inayojulikana, taa ya barabarani irudi, na swali lenu kuhusu umiliki lifikishwe kwenye bunge la kaunti, liingie katika kumbukumbu zake. Hilo la mwisho lina thamani kuliko mabembea.

Ukuta na geti nimeviacha makusudi, kwani najua wazee wameshapiga hesabu ya mawe. Hoja yao si ya kijinga. Katika nyua ndogo za Dandora, geti lilisaidia, kwa kuwa ua unazungukwa na familia zilezile na hakuna mgeni mwenye haja ya kupita. Kiwanja chenu umesema kinapakana na barabara, na nina hakika kuna njia ya mkato wanayopita watu wa mtaa wa pili kwenda stendi. Mkiwafungia, mtapoteza wapita njia, ambao ni macho ya bure, na mtakuwa mmewapa majirani sababu ya kuwachukia. Kisheria pia, kiwanja cha umma chenye ukuta na kufuli la watu sitini kinaanza kufanana na mali binafsi, na hamtaki kumsaidia yule bwana kwa hoja hiyo. Mimi ningezuia magari tu: vigingi vifupi vya zege kwenye mdomo wa barabara, vilivyokaribiana kiasi cha kupitisha kiti cha magurudumu na mkokoteni wa maji, si lori la kifusi. Lori la kifusi ndilo huja usiku. Kama mtaweka vigingi hivyo, kaunti ijulishwe kwa barua kwanza.

Elfu sitini, basi. Toeni kwanza za upekuzi na ramani. Zinazobaki zisiguswe hadi mmekaa na daftari kwa wiki moja, asubuhi, mchana, jioni na Jumapili, mkiandika nani anapita wapi na nani anakaa. Njia iliyokanyagwa hadi ikawa tupu ndiyo njia halisi. Iwekeni maramu hapohapo, msiichoree kona za mapambo. Mtagundua pia wasichana wakishafika miaka kumi na miwili hivi hawaonekani tena kiwanjani. Mkifanya eneo lote kuwa la mpira, wavulana wakubwa watalichukua lote, na watoto wenu wa kike watabaki kwenye ngazi za nyumba. Gaweni. Mpira upate kipande, na pembeni mwake pawe na mahali pa kukaa penye kivuli, penye kitu nyuma ya mgongo, panapoonekana kutoka kwa mama mboga. Ile sehemu ya kuanikia nguo irudi. Kamba ya nguo ni mlinzi mzuri kuliko kamera.

Kuna jambo la udongo ambalo limezika fedha nyingi Eastlands. Chini yenu kuna ule udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa jua. Zege nyembamba juu yake hupasuka msimu wa kwanza. Kabla ya kitu chochote, fungueni mtaro wa kutoa maji, hakikisheni hauelekezi kwenye nyumba ya mtu, ndipo mjaze maramu na kushindilia. Ni kazi isiyo na picha nzuri, na kama mngekuwa na fedha za jambo moja tu ningewaambia ndilo hilo. Miti pandeni mvua za Machi zikishika, michache, ya kienyeji, mbali na mabomba ya maji taka, na kila mti upewe mtoto mmoja wa kuubebea maji kiangazi.

Mambo mengine hayafai kumalizwa kwa kusoma jibu kama hili. Upekuzi ukionyesha jina la mtu au kampuni, au mkiona tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi limebandikwa, msingoje mkutano wa mwisho wa mwezi. Muda wa kupinga ni wa siku chache. Pelekeni pingamizi kwa maandishi, na mtafute wakili wa ardhi wiki hiyohiyo. Kama hamna uwezo, mashirika ya msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria hushughulikia mambo haya. Malalamiko kuhusu maamuzi ya mipango huenda kwa kamati ya uhusiano ya kaunti iliyoundwa chini ya sheria ya mipango ya 2019, na kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi inayoweza kutoa amri ya kusimamisha ujenzi. Msiogope kwamba hamna hati ya kuonyesha: ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kuwa yeye mwenyewe amepata hasara. Mlipeni pia mpimaji aliyesajiliwa aje atafute bikoni, yaani alama za mpaka, za zamani. Msizing'oe wala kuzisogeza, hata zile mpya za yule bwana. Pigeni picha tu.

Na tingatinga likija, watoto wasiwe mbele. Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road waliandamana kudai kiwanja chao, wakarushiwa mabomu ya machozi. Kiwanja kilirudi, lakini hakuna mzazi anayepaswa kukinunua kwa bei ile. Pigeni simu kwa wakili, rekodini kwa mbali, andikeni namba za magari.

Leo jioni, ukimaliza kusoma, mpigie mama yako au shangazi yeyote aliyekaa hapo zamani. Muulize kama bado ana albamu. Picha mnacheza kati, nguo zimeanikwa nyuma yenu, na mwaka umeandikwa kwa kalamu nyuma ya picha: toa nakala mbili. Wakili ataziomba.